Ziwa la Chini ya Barafu na Kinywaji cha Watu wa Etterbeek

Evere, Jumapili 19 Novemba 2023

Mwanangu mpendwa Abigaël,

Pokea salamu za nyumbani zikiwa bado na joto, maana nasikia huko uliko joto ni kitu cha kusimuliwa tu. Sisi hatujambo. Tonton yako, mzee wangu Antoine, ni mzima isipokuwa goti, na goti lenyewe anasema linaumwa na mvua, si uzee. Mvua ya Brussels unaijua: hainyeshi ukaridhika, wala haiachi. Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi wote wanaendelea kunisumbua vizuri. Yule bwana wa chumba cha mwisho, kila nikimvalisha soksi, ananiuliza kama mtoto wangu wa barafu amekwisha kurudi. Namwambia ndiyo kwanza amefika.

Barua hii Tonton ataipeleka kwenye ofisi ya safari yenu, pale jirani na stesheni ya treni ya Gare du Nord. Walinieleza kwamba inaruka mpaka Cape Town, halafu inangoja ndege inayowaletea mafuta. Wiki mbili, labda tatu. Najua ungependa nikuandikie kwa simu, uisome siku utakayopita kwenye kituo kikubwa chenye mtandao. Sitaki. Kwenye simu unanijibu kwa kidole gumba kilichosimama, na jambo la leo halijibiwi kwa kidole gumba.

Jambo lenyewe ni hili. Jumapili iliyopita, baada ya misa, Papa Bertin wa Etterbeek, baba yake Élisée wako, alinivuta kando karibu na mlango. "Maman Lucienne," akasema, "dada yangu Nday amefika toka Lubumbashi. Visa yake inaisha mwisho ya janvier. Anapenda kuona hii mambo ya ndoa ya batoto mbele ya kurudia. Donc, tukuye lini?" Nilimwambia nitafikiri.

Unajua desturi, lakini umekulia hapa na mara nyingine unachanganya, kwa hiyo nakukumbusha. Watu wa mwanamume wakija, wanaleta vinywaji. Vinawekwa katikati ya sebule na hakuna anayevigusa. Msichana anaitwa, na mama yake anamuuliza mara tatu mbele ya watu wote: unawajua hawa? Tukinywa kinywaji chao, hutatutapisha kesho kwa kukataa? Akisema kunyweni, tunakunywa, na neno limekwisha. Akinyamaza, wanarudi na chupa zao, na hakuna ugomvi. Dada yangu, mama yako, aliulizwa hivyo Bukavu. Mimi nilikuwa nyuma yake nikimfinya ajibu upesi, maana soda zilikuwa zinapata moto. Mungu amrehemu, hayupo tena wa kukuuliza. Mimi mama yako mdogo niliyekulea ndimi ninayepaswa.

Na wewe upo mwisho wa dunia. Basi nakuuliza kwa kalamu, na hii ni mara ya kwanza: Élisée na watu wake unawajua? Tunywe?

Nimekufungia biskuti za Saint-Nicolas, zile speculoos. Usizile peke yako.

Mama yako mdogo,
Lucienne

*

Kambini, Antaktika, 9 Desemba 2023

Mama Mdogo mpendwa,

Nakusalimu wewe na Tonton na goti lake, na uwasalimie wazee wako, hasa bwana wa soksi. Speculoos zimefika zikiwa unga. Naïma, mwenzangu wa hemani, mtoto wa Schaerbeek, anazila kwa kijiko na anakuombea maisha marefu.

Tuko watu sita. Jua halitui, linazunguka tu juu ya vichwa vyetu, na usingizi tunautafuta kwa kujifunga kitambaa machoni. Baridi ni kali lakini ni kavu. Kusema kweli, ile ya kituo cha basi cha Evere mwezi wa pili inanichoma zaidi. Nakula vizuri. Ninakosa sombe yako tu, maana mboga ya majani huku ni ndoto.

Uliniuliza pale uwanja wa ndege wa Zaventem tunafanya nini hasa, na abiria walikuwa wanasukumana, sikukujibu vizuri. Nitajaribu sasa. Chini ya miguu yangu kuna barafu inayoshuka karibu kilomita tatu. Chini ya barafu kuna mwamba. Na mahali pengine, kati ya barafu na mwamba, kuna ziwa. Si barafu, ni maji yenyewe, yanayotembea, ambayo hayajaona jua kwa miaka isiyohesabika. Utauliza kwa nini hayagandi. Dunia ina joto lake linalopanda polepole kutoka ndani, na barafu yote hii inalizuia lisitoke, kama unavyofunika sufuria ya wali kwa blanketi ukingoja wageni. Uzito wa barafu nao unasaidia maji yasigande. Maziwa ya namna hiyo yamekwisha kupatikana mamia, na moja ni kubwa kuliko Kivu mara kadhaa. Mengine bado hayajulikani, na ndiyo tunayoyatafuta.

Hatuchimbi, tunasikiliza. Gari la theluji linavuta sleji yenye rada. Rada inatuma mawimbi chini, yanagonga kitu na kurudi. Yakigonga mwamba yanarudi dhaifu, yamevurugika. Yakigonga maji yanarudi na nguvu, na kwenye skrini unaona mstari unaong'aa, uliolala sawasawa. Naïma anaendesha, mimi natazama skrini. Tunakwenda polepole siku nzima, tunapima mstari mmoja, kesho yake mwingine.

Jumanne mstari ulikuwa unapanda na kushuka kama barabara ya Walungu. Ghafla ukalala, ukang'aa, ukaendelea kulala kwa kilomita kumi na moja. Nilimwambia Naïma asimame. Tukashuka, tukatazama chini. Hakukuwa na cha kuona, ni theluji ileile. Lakini tulikuwa tumesimama juu ya ziwa, Mama Mdogo, na duniani kote tulilijua sisi wawili tu.

Jioni nilimweleza mkuu wetu, bibi mmoja wa Gent asiyecheka ovyo. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Habari ikatumwa Brussels siku ileile. Nimefurahi mpaka naona haya kuandika jinsi nilivyofurahi.

Rubani amewasha injini, lazima nifunge bahasha. Wasalimie watu wote wa Etterbeek.

Mwanao,
Abigaël

*

Evere, 30 Desemba 2023

Mwanangu Abigaël,

Heri ya mwaka unaokuja. Barua yako ilifika kabla ya Krismasi. Tonton aliichukua Gare du Nord, akaileta chini ya koti kama mtu aliyeiba kuku. Sisi wazima. Krismasi tumeila vizuri, na sombe yako niliiweka kwenye friza na jina lako juu yake ili Tonton asijifanye hakuona.

Ule ukurasa wa ziwa nimeusoma mpaka nimeuzoea. Niliwatafsiria wazee wangu kwa Kifaransa, na bwana wa soksi alitoa leso. Nimewaambia wanakwaya pia. Kwa hiyo ujue kwamba Evere nzima sasa ina ziwa. Tonton aliuliza kama lina sambaza, samaki wetu wadogo wa Kivu. Nikamwambia hili ni la kutazamwa kwa mashine tu, huwezi kuvua, kuoga wala kufua. Akasema basi hilo si ziwa, ni mali ya serikali. Lakini nilimsikia kwenye simu akimweleza ndugu yake aliye Uvira kwamba mtoto wetu amegundua ziwa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelichimba mwenyewe. Mimi pia najivuna, mwanangu, kwa nini nifiche.

Sasa nije kwenye ukurasa ambao sikuuona. Niligeuza karatasi zote. Nilitazama hata ndani ya bahasha. "Wasalimie watu wote wa Etterbeek." Hilo si jibu, ni salamu, na mimi sikukuomba salamu. Umeniandikia kuhusu maji ambayo hakuna aliyeyaona, kuhusu mwanamume aliyekubebea mizigo yako hukuandika hata jina. Nakufahamu tangu hujaota meno. Ukizungumza sana jambo moja, ujue kuna jingine umelikalia.

Watu wake walipita hapa tarehe 28 kutusalimu. Élisée hakuweza kuja, alikuwa anaendesha treni yake ya Ostende. Walikaa vizuri, tuliongea vizuri. Lilitokea jambo dogo ambalo nitakueleza siku nyingine. Tonton hapendi tulitaje, na mimi pia sina hamu.

Haya, nakuuliza mara ya pili. Unawajua? Tunywe? Maman Nday anaondoka mwisho wa Januari na kila Jumapili ananitazama.

Mama yako mdogo,
Lucienne

*

Kambini, 13 Januari 2024

Mama Mdogo mpendwa,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Tonton. Asante kwa kunitunzia sombe. Tulikuwa na tufani ya theluji iliyotufungia hemani karibu wiki nzima. Naïma amenifundisha nyimbo zote za mama yake, nami nimemfundisha zile za kwaya yako. Kwa hiyo ukisikia mtoto wa Kimoroko anaimba Kiswahili cha Bukavu, usishangae.

Habari za ziwa si nzuri, na ingekuwa heri kama kwaya ingengojea. Baada ya mstari wa kwanza tulipaswa kupita tena kwa kukata, kama msalaba, katikati ya pale nilipolichora. Tulipita. Skrini ilionyesha mwamba mwanzo hadi mwisho. Palipopaswa kung'aa palikuwa peusi, pana makunyanzi. Nilifuta skrini kwa kiganja kana kwamba kosa ni la vumbi.

Mkuu alitazama muda mrefu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mstari mmoja si ziwa, Abigaël." Anasema kweli. Tope lililolowa linaweza kung'aa karibu kama maji, na mimi nililijua hilo kabla sijapanda ndege. Ila nilipoona mstari umelala, nilitaka liwe ziwa, nikasema ni ziwa. Sasa Brussels wanalo kwenye ramani ya muda, na mimi sina hakika kama lipo. Hali ya hewa ikiruhusu tutapima mistari mingine kabla msimu haujafungwa.

Umesema nimekalia jambo. Ndiyo, nimelikalia. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka kwanza nilielewe mwenyewe.

Wakati wa Krismasi mkuu aliniambia kwamba kama ziwa lipo, litahitaji misimu miwili zaidi ya kulipima vizuri, mwaka ujao na unaofuata, na angependa niongoze mimi. Nilisema ndiyo kabla hajafika mwisho wa maneno yake. Halafu nikarudi hemani, nikakumbuka Etterbeek.

Mwezi wa Oktoba, mara ya mwisho nilipokula kwao, Papa Bertin aliinua glasi. "Alors, Abigaël," akasema, "uende uone hiyo barafu yako mara ya mwisho. Mwanamuke ya ndoa halalake mu frigo." Watu wakacheka. Nami nilicheka, ni mzee, ni mchangamfu, hana ubaya. Kilichonikaa moyoni ni kwamba Élisée naye alicheka. Nilimtazama, akainamia sahani yake ya bukari, ugali wao.

Nampenda, Mama Mdogo. Naandika wazi ili usitafute ndani ya bahasha. Mengi kuhusu Élisée nayajua, hata namna anavyovuta pumzi kabla ya kuomba msamaha. Lakini sijui kama siku nikiwa mke wake atanifungia mlango wa huku. Sikumuuliza, kwa sababu niliogopa jibu, na kutoka hapa siwezi kumuuliza nikamwona uso. Unaniuliza mnywe? Nikisema ndiyo na baadaye nikutapishe, aibu ni yako wewe uliyenilea.

Usinywe bado. Nakuomba.

Mwanao,
Abigaël

*

Evere, Jumanne 30 Januari 2024

Mwanangu Abigaël,

Tunakusalimu sana. Goti la Tonton limepona, sasa anaumwa na dhamiri. Wazee wangu wazima. Kwaya nimewaambia ziwa lingojee kidogo. Hawakukasirika, wamesema wao wamezoea kungoja.

Barua yako niliipata Jumamosi. Nilipofika pale ulipoandika "usinywe bado" nilikaa kwenye ngazi, koti mwilini. Mwanangu, tulikwisha kunywa.

Hilo ndilo jambo dogo la tarehe 28. Niliwaalika kwa kahawa tu. Wakaja na kreti tatu za bia zilizofunikwa kwa kitenge. Sikuweza kuwarudisha mlangoni na ile baridi, nikasema ziwekwe katikati, asiguse mtu, mtoto bado hajasema. Wote wakakubali. Halafu Tonton na Papa Bertin wakaanza habari za uchaguzi wa kwetu, wakabishana mpaka sauti zikawakauka. Bila kufikiri Tonton akanyoosha mkono, akafungua chupa, akajaza glasi zote huku bado anabisha. Nami niliyefundishwa tangu utoto nisimwache mgeni anywe peke yake nikachukua yangu, nikanywa. Nilipoishusha nilimwona Maman Nday amesimama. Akapiga vigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. "Banakunywa," akasema. "Batu ya Kivu banakunywa. Tumeishapata mutoto."

Kwa hiyo nilipokuuliza mara ya pili, nilikuwa nimekujibia tayari. Nilijiambia utasema ndiyo, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Sasa naelewa kwa nini mkuu wako hakubali mstari mmoja.

Jumapili sikulala vizuri. Jana Tonton alinunua chupa ya bia ya aina ileile, jina lilelile, nikaitia mkobani, tukapanda basi mpaka Etterbeek. Nilichagua siku vizuri. Jumapili usiku timu yetu ya taifa ilikuwa imeitoa Misri kwa penalti, na hakuna Mkongomani aliyekuwa na nguvu ya kukasirika. Papa Bertin alitupokea anaimba. Nikaweka chupa mezani kabla sijakaa.

"Papa Bertin," nikamwambia, "ile siku tulikunywa bila kuuliza mutoto. Kosa ni yetu. Chupa njo hii. Muhesabu kama hatukunywaka."

Wimbo ukaisha. "Donc, munakatala?"

"Hatukatale. Bado hatuyapata jibu."

Tonton alikuwa anatazama viatu vyake. Maman Nday aliacha kumenya ndizi. Élisée alikuwa amekaa karibu na dirisha na sare yake ya kazi, anajiandaa kwenda Gare du Nord kuchukua treni yake. Sijui nani aliniingizia wazo lile. Nilimgeukia yeye.

"Élisée, huyu mutoto unamujua?"

"Namujua, maman."

"Ku desturi, mwanaume haulizwake," akasema Maman Nday.

"Hata kwetu haulizwake. Leo anaulizwa." Nikaendelea. "Unajua kama banamuomba arudie ku barafu mwaka ujao, na ule wa nyuma yake pia, miezi tatu, miezi tatu?"

"Ile sikujua. Hakuniambia."

"Hakukuambia juu siku papa yako alisema mambo ya frigo, ulicheka."

Nisamehe, najua nimeifungua barua yako mbele ya watu. Papa Bertin alianza kutafuta miwani aliyokuwa ameivaa. "Ile ilikuwa masheka tu," akasema. "Lakini trois mois, maman. Nani atamupikia?" Maman Nday hakumwacha afike mbali. "Bertin, weye ulienda Kolwezi quatorze mois, kupita mwaka muzima, ukaacha bibi na batoto. Nani alikuuliza atapika nani?" Hapo Tonton alikohoa, nami najua kikohozi chake cha kuficha kicheko.

Élisée alisimama. Alivuta pumzi, kama ulivyoandika. "Nilicheka juu niliogopa papa. Niko na trente-quatre ans, mwanaume muzima, na niliogopa papa." Halafu akaniangalia mimi, si baba yake. "Maman, miye naendesha train. Jumatatu nalala Ostende, alhamisi nalala Liège, hata Krismasi sikuikala ku meza. Abigaël hajaniulizaka nitaacha lini. Hata siku moja."

"Alors, ya tatu. Akienda, hautakuya kwangu kumushitaki?"

"Hapana, maman. Nitakuya kula tu."

Watu walicheka, na safari hii nilitazama nani anamcheka nani, na kicheko kilikuwa kizuri. Papa Bertin alichukua chupa akaiweka juu ya friji. "Ibakie pale," akasema. "Hakuna muntu ataigusa. Mutoto aseme yeye mwenyewe." Kisha akaniuliza polepole, kama mtu anayeona haya, kama kweli kuna maji chini ya ile barafu, na yanafanya nini kule. Nilimweleza habari ya sufuria na blanketi. Maman Nday anapanda ndege kesho. Ameniambia hakuona ndoa, lakini ameona mdogo wake ananyamaza, na hilo linamtosha kwa visa moja.

Kreti zipo kwenye kave, chini ya nyumba, nimezifunga kwa utepe, hata Tonton anapita mbali nazo. Nakuuliza mara ya tatu, na hakuna ya nne. Unawajua? Tunywe? Ukinyamaza, mimi na Tonton tutazibeba wenyewe mpaka Etterbeek, na hapa nyumbani hakuna atakayekuuliza kwa nini.

Mama yako mdogo anayekupenda,
Lucienne

*

Kambini, 12 Februari 2024

Mama Mdogo mpendwa,

Salamu kwako, kwa Tonton, kwa bwana wa soksi na kwa kwaya yenye subira. Tunafunga kambi. Mahema mawili yamekwisha kushushwa na Naïma amekalia sanduku la rada ili lifungike.

Nianze na hasira, ili niimalize. Niliposoma kwamba barua yangu imesomwa sebuleni Etterbeek, siku nzima sikusema na mtu. Naïma ni shahidi. Siku ya pili nilikumbuka Papa Bertin anatafuta miwani na nikacheka mpaka nikaenda kutembea nje. Siku ya tatu nilielewa kwamba umefanya kitu ambacho mimi sikuwa na ujasiri wa kukifanya kwa miezi minne. Asante. Usirudie.

Ziwa lipo.

Tufani ilipotuachia tulipima mistari mingine, mirefu na ya kukata, karibu karibu. Kumbe maji hayako pale nilipoyachora. Ule mstari wangu wa kwanza ulipita juu yake kwa sehemu tu, na kilomita zilizobaki zilikuwa tope lililolowa, lenye pengo la mwamba ambalo macho yangu yaliliruka. Mstari wa pili ulipita kando, nje kidogo ya mwisho wake, katika pengo hilo. Ndiyo maana tuliona mwamba. Ziwa lenyewe limelala upande wa mashariki, katika bonde jembamba. Lina urefu wa kilomita nne, upana moja na nusu. Kila tukipita, kutoka upande wowote, linang'aa mahali palepale na limelala sawasawa. Mkuu alitazama mistari yote imepangwa pamoja, akasema, "Sasa." Ni neno hilo tu, lakini alinitengenezea kahawa kwa mkono wake, jambo ambalo hajamfanyia mtu tangu Novemba.

Ukiwaambia kwaya, waambie kilomita nne. Ni dogo, linaingia katika ghuba moja ya Bukavu na nafasi ikabaki. Nilikuwa nadhani nitasikitika limepungua. Sikusikitika. Lile la kumi na moja nililitaka tu, hili ninalijua.

Nitarudi kulipima mwaka ujao na mwaka wa baada yake. Nimeweka sahihi.

Katika mfuko uleule uliokuja na barua yako kulikuwa na barua ya Élisée, kurasa tatu, kwa mwandiko wake wa kulala upande. Aliyoyaandika sitakuambia. Ni yangu. Nimeisoma hemani, nimeisoma kwenye gari la theluji, na Naïma amenikataza kuisoma tena nikiwa karibu na jiko.

Nitafika Zaventem mwanzoni mwa Machi. Barua hii itanitangulia, inaondoka na ndege ya kwanza pamoja na masanduku ya data. Nilifikiri niitunze, nije nijibu kwa mdomo kama mama yangu, huku unanifinya. Halafu nikaona umengoja vya kutosha, na kreti hizo zimekaa kwenye kave tangu Desemba.

Umeniuliza kama nawajua. Nawajua, Mama Mdogo. Namjua Papa Bertin na utani wake, namjua Maman Nday na ulimi wake. Namjua Élisée aliyecheka, na namjua Élisée aliyesimama. Waite wote waje Evere, walete na ile chupa iliyo juu ya friji. Tonton afungue yeye. Msiningoje.

Kunyweni.

Mwanao,
Abigaël